Achari ya friji haihitaji chumvi ya bibi

UKIWAULIZA wapishi wengi ni kitu gani kinachoizuia achari isioze, watakujibu mara moja: chumvi. Jibu hilo si la uongo. Lakini si la kweli kwa kila achari, na wanaoumia kwa kosa hilo ni wale ambao tayari wana ugonjwa wa shinikizo la damu.

Mpenzi msomaji, achari ziko za aina mbili, na yafaa tuzitenganishe.

Ya kwanza ni ile ya Pwani tuliyoizoea, inayoliwa kwa pilau na biriani. Maembe mabichi au ndimu hukatwa, hutiwa chumvi nyingi na kuanikwa juani mpaka yanywee, kisha hutiwa pilipili na bizari. Achari hiyo hukaa kabatini kwa miezi kwa sababu chumvi na jua vimeyaondoa maji ambayo viini huyahitaji ili viishi. Ukimpunguzia bibi chumvi yake, umemharibia achari.

Ya pili ni achari ya haraka. Mboga mbichi hukatwa, humwagiwa siki iliyochemshwa na maji, na chupa huingia ndani ya friji. Kesho yake inaliwa. Hapa walinzi ni wawili: ukali wa siki na baridi ya friji. Chumvi imekuja kwa ajili ya ladha tu.

Ajabu ni kwamba wengi wetu hutengeneza achari hii ya pili kwa chumvi ya ile ya kwanza. Utamwona mtu akitia vijiko vitatu vya mezani katika chupa moja. Kijiko kimoja cha mezani kilichojaa sawasawa hubeba takriban gramu 17 za chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai. Na hesabu hiyo ni pamoja na chumvi iliyo katika mkate, sukuma wiki, mchuzi na chipsi. Chumvi ikizidi, presha hupanda, na presha ikipanda kwa muda mrefu huleta kiharusi, maradhi ya moyo na kuharibika kwa figo. Aghalabu mgonjwa hahisi lolote mpaka siku anapoanguka.

Basi jaribu hivi. Chukua nusu kilo ya mboga zisizo na michubuko: karoti, matango, vitunguu, koliflawa au pilipili hoho. Zioshe vizuri kwa maji safi yanayotiririka, uzikate vipande vyembamba na kuzipanga ndani ya chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji moto. Chemsha kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi na viwili vya sukari. Mimina yakiwa moto mpaka mboga zifunikwe kabisa. Acha yapoe kidogo, funga, na utie ndani ya friji siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema achari ya namna hii haina ladha. Mimi nasema ladha haimo katika chumvi peke yake. Tia bizari nzima, pilipili manga, tangawizi, kipande cha mdalasini, au pilipili kali moja iliyopasuliwa. Ulimi nao hufundishika. Ukipunguza chumvi kidogo kidogo, baada ya wiki chache utaona chakula cha zamani ndicho kilichozidi chumvi.

Hata hivyo, usilegeze mambo haya. Soma karatasi ya chupa ya siki, uhakikishe ukali wake ni asilimia 5. Usipunguze siki na kuongeza maji ili achari isiwe kali. Ukiona ni kali mno, ongeza sukari kidogo. Siki usiichemshe ndani ya sufuria ya alumini, kwa maana hula madini hayo na kuyaingiza katika chakula. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli.

Kumbuka pia kwamba achari hii haikutengenezwa kukaa kabatini. Friji iwe na baridi ya nyuzi 4 au chini yake, na achari iliwe katika muda wa wiki mbili. Itoe kwa kijiko safi, si kwa vidole. Stima ikipotea, usifungue mlango wa friji. Ikifungwa hivyo huhifadhi baridi kwa saa nne hivi. Ukiona ukungu au utelezi, au ukisikia harufu usiyoielewa, mwaga yote.

La hatari zaidi ni kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa ndani ya mafuta bila siki na kuachwa mezani. Humo hakuna hewa wala uchachu, na viini vya botulinamu hupenda mahali kama hapo. Sumu yake hulemaza misuli, hata ile ya kupumulia, na chakula kinaweza kuwa nayo bila kubadilika rangi wala harufu.

Na asiye na friji? Asitengeneze achari hii na kuiweka dirishani. Akate kachumbari, aikamulie ndimu na kuila yote mlo huo huo. Kachumbari ni mboga mbichi tamu, na haimdai mtu stima.

Achari si dawa, wala haishiki nafasi ya sahani ya mboga. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia ajipime kabla ya kuizoea. Lakini karoti zinazonyauka jikoni kwako Jumamosi zinaweza kuwa kitoweo kizuri Jumapili, bila kumwongezea presha baba wala nyanya aliyekuja kuwatembelea. Chumvi nyingi mwachie bibi na maembe yake ya juani, na hata hayo yaliwe kwa kuonja.