Kipimo Kitangulie Spana

Mtu apitaye nyuma ya baadhi ya afisi za umma, Unguja na Pemba, hakosi kuiona gari iliyowekwa juu ya mawe chini ya mwembe, kioo kimejaa majani makavu na kuku wamefanya makao uvunguni. Akiuliza imekuwaje, huambiwa kwa mkato: "Imekufa injini." Jawabu hilo limewatosha wengi kwa muda mrefu. Sisi halitutoshi, kwa sababu injini haifi kwa neno moja, na fedha zilizoinunua gari ile ni za wananchi.

Miongoni mwa maradhi yanayofichwa ndani ya neno hilo, kubwa ni kupotea kwa kompresheni. Kila pistoni inapopanda huibana hewa ndani ya silinda. Katika injini ya petroli, hewa iliyochanganyika na petroli hubanwa mpaka ikabaki kiasi cha sehemu moja ya tisa au ya kumi ya ilivyokuwa, ndipo plagi ikatoa cheche. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa hubanwa zaidi, mpaka joto lake pekee likayawasha mafuta. Kwa hiyo hewa ikipata upenyo wa kutorokea, nguvu nazo hutoroka. Gari hushindwa na mlima, hutetema ikiwa imesimama, na ile ya dizeli huzungushwa stata asubuhi mpaka betri ikazimia.

Upenyo huo huwa hasa katika mahali patatu: ringi za pistoni zilizolika, valvu isiyofunga sawasawa, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Kila ugonjwa una dawa yake na gharama yake, na tofauti ya gharama hizo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Tunaijua gari moja ya afisi ambayo hatutaitaja, maana makusudio yetu si kumfedhehesha mtu. Ilikuwa gari ya petroli ya silinda nne, na ilianza kuchoka katika milima ya Pemba. Fundi aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ringi zimekwisha. Mkubwa wa afisi alitia saini. Injini ikashushwa na kufunguliwa yote, ringi na beringi zikanunuliwa, na gari ikakaa karakana wiki kadhaa huku watumishi wakienda kazini vijijini kwa kubahatisha gari za abiria. Iliporudi, ilichoka katika mlima ule ule. Mzee mmoja mwenye karakana ndogo ndiye aliyetoa geji yake kwenye kitambaa na kupima. Silinda tatu zilisoma baina ya paundi 165 na 170 kwa inchi ya mraba. Ya tatu kutoka mbele ilisoma 60. Valvu moja ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingo. Silinda hedi ilikwisha kutolewa na kulazwa juu ya meza wakati wa matengenezo yale, wala hakuna aliyemimina petroli kidogo kwenye matundu yake atazame kama inavuja penye valvu.

Kipimo chenyewe ni alifu kwa ujiti ya ufundi. Injini ipashwe moto kwanza, na betri iwe na nguvu. Plagi zote zitolewe, umeme wa plagi na njia ya petroli vikatwe, na pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka chini ili hewa iingie bila ya kizuizi. Geji hufungwa kwenye tundu la plagi, stata ikazungushwa mizunguko sawa kwa kila silinda, na kila namba ikaandikwa. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma baina ya paundi 130 na 190; kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Namba kubwa peke yake haitoshi. Silinda zinatakiwa zikaribiane.

Silinda iliyo chini hutiwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya injini, kisha ikapimwa tena. Namba ikipanda vizuri, mafuta yameziba pengo la ringi, na hapo fundi aliyesema ringi atakuwa amesema kweli. Isipopanda, kosa liko juu, kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, gasketi ishukiwe kwanza. Zikishuka zote nne kwa mara moja, itazamwe taiming kama mkanda umeruka meno. Mwenye pampu ya upepo aipandishe pistoni mpaka juu, valvu zikiwa zimefungwa, aingize upepo na kusikiliza: ukilia kwenye ekzosi, ni valvu ya ekzosi; ukilia kwenye kabureta au njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia; kwenye tundu la kutilia mafuta ya injini, ni ringi; mapovu yakitoka kwenye rejeta, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Dizeli ina geji yake, kwani mgandamizo wake ni maradufu na zaidi, nayo isitiwe mafuta ndani ya silinda: nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno, na injini huweza kuharibika.

Valvu iliyoungua husagwa au hubadilishwa bila ya kuigusa pistoni. Gasketi ikiungua, hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, maana mara nyingi joto limekwisha kuipinda, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kipimo. Kukaza kwa nguvu ya mkono na kupaka silikoni ni kuahirisha gharama.

Nasi wa visiwani tuna makosa yetu wenyewe. Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi na chokaa. Yakitiwa kwenye rejeta mwaka hata mwaka, hula hedi ya alumini na kuziba njia za kupozea, injini ikachemka. Wako na madereva wanaotoa chujio la hewa eti gari ivute, huku wakipita barabara za vumbi la matumbawe. Vumbi hilo husaga ringi na silinda kama msasa.

Hatuwatupii mafundi lawama yote. Wengi walijifunza kwa kutazama, na hakuna aliyewapa geji mkononi. Lawama kubwa ni ya anayetia saini bila ya kuuliza. Mkubwa wa afisi hatakiwi ajue kusaga valvu, lakini anajua kusoma namba nne juu ya karatasi. Tunataka wizara na mabaraza ya miji yasiidhinishe kufunguliwa kwa injini kwa sababu hiyo pasipo namba za kila silinda kuandikwa kwenye ombi, pamoja na kipimo cha pili baada ya matengenezo. Bei ya geji ni ndogo kuliko gharama ya kuifungua injini yote mara moja. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinaweza kuwaita mafundi wa mitaani kwa siku chache za kujifunza kazi hii.

Na zile gari zilizo chini ya miembe zipimwe kabla ya kuorodheshwa kwa mnada. Injini iliyo baridi haitatoa namba kamili, lakini itaonyesha ni silinda ipi iliyoachana na wenzake. Inatakiwa betri ya kuazima, geji moja na kiasi cha saa moja kwa kila gari ambayo stata yake bado inazunguka.