SINEMA ZETU ZA ZAMANI: Okelo, yule aliyebaki

Nimekuja Jinja kwa shemeji, na kila asubuhi napita Main Street nikiangalia maghorofa ya zamani ya Wahindi. Juu ukutani bado yapo majina na mwaka wa kujenga. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 tu waondoke. Ndipo nikakumbuka filamu moja ya mama Mira Nair, Mississippi Masala, iliyotoka mwaka 1991.

Tuliiona kambini mwaka 2004, kwa kanda, shilingi 200 kila mtu. Vijana walijaa kibandani kwa sababu ya Denzel Washington. Wakangoja ashike bunduki. Wapi! Denzel anasafisha mazulia ya watu na kumpenda Mina, binti wa Kihindi (Sarita Choudhury, hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza). Nusu saa haijaisha, viti vikabaki vitupu.

Waliotoka walikosa, maana utamu wenyewe uko kwa wazee. Baba yake Mina ni Jay, mwanasheria mzaliwa wa Uganda. Anaigizwa na Roshan Seth, yule aliyekuwa Nehru katika Gandhi. Mama ni Sharmila Tagore, nyota wa India tangu miaka ya sitini. Na rafiki wa Jay tangu utotoni ni Okelo, yaani Konga Mbandu. Watu hawamtaji kabisa! Jay alipofungwa kwa kumsema Amin, Okelo ndiye alihangaika mpaka akamtoa. Halafu akamwambia ukweli: ondoka, Afrika sasa ni ya weusi. Jay akanuna. Siku ya safari, Okelo alikuja kuaga, Jay akamgeuzia uso.

Huko Marekani Jay anaandikia serikali ya Uganda miaka na miaka, akidai nyumba yake. Nyumba tu. Mwishoni anarudi Kampala kumtafuta Okelo, anaambiwa aliuawa mwaka uleule wa 1972.

Usiku ule sikulala. Mwaka 1998 kule Uvira, jirani yangu alinigongea dirisha: "Toka leo, kesho watakuja kwako." Tulikuwa tumegombana juu ya mpaka wa shamba, nikadhani anataka kulichukua. Nilitoka, lakini mkono sikumpa. Tangu hapo nimejaza fomu ngapi! Nimeandika ndugu, mihogo, mpaka mbuzi waliopotea. Jina lake sikuliandika hata mara moja.

Juzi nimechukua karatasi ya Msalaba Mwekundu, ile ya kutafuta watu. Penye kuuliza ni nani kwako niliandika "jirani", nikakata, nikaandika "rafiki". Mke wangu akauliza kwa nini nachafua karatasi ya watu.

Mwenye ile kanda asiitupe. Mashine ya shemeji bado inafanya kazi.