Kabla ya Mashine ya Kufulia, Tangi la Maji

Kuna swali ambalo wageni wanaokuja Kitale na Bungoma kufundisha au kufanya kazi za afya hawakosi kuliuliza, pindi wanapokwisha kuuzoea ugali na baridi ya alfajiri: ni wapi mtu aweza kupata mashine ya kufulia kama ile ya kwao Ulaya? Wanaitaka ile yenye mlango wa kioo upande wa mbele, ipashayo maji moto yenyewe, na izikamuayo nguo hata zikatoka nusu kavu. Wenyeji wengi hulicheka swali hilo chinichini. Husema mzungu amekosa la kufanya, ilhali akina mama fua wako tele na mikono wanayo. Mimi silicheki. Naliona kuwa ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizwa, kwa sababu jibu lake halikamiliki dukani, wala halimhusu mgeni peke yake.

Dukani hakuna taabu kubwa. Mashine hizo huuzwa Nairobi na Eldoret, na nyingine huingia nchini zikiwa zimekwisha kutumiwa Uingereza. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50, hivyo mashine ya Uingereza au ya Ujerumani hufanya kazi hapa bila wasiwasi. Atokaye bara Ulaya hubadilisha plagi tu, maana yao ina vijiti viwili vya mviringo na yetu vitatu bapa. Ole wake atakayesafirisha mashine ya Marekani, iliyoundwa kwa volti 120 na hezi 60! Ajabu ni kwamba mashine tuiitayo ya Kizungu cha Ulaya, yenye mlango wa mbele na ijiendeshayo yenyewe, ilitokea huko huko Marekani, pale kampuni ya Bendix ilipoileta sokoni mwaka 1937. Wamarekani wenyewe baadaye waliipendelea ile ya kufunguliwa juu, nao Wazungu wa Ulaya wakashikamana na ya mbele kwa kuwa haina uchu wa maji. Yatosheka na lita 50 hivi kwa mfuo mmoja, na ile ya juu ya mtindo wa zamani yaweza kumeza zaidi ya lita 100.

Taabu huanza pale fundi wa mabomba anapoiunganisha. Mashine hii haikubali kumiminiwa maji kwa ndoo. Hutaka maji yaingie kwa nguvu, na nyingi huhitaji tangi liwe juu yake kwa kiasi cha mita 5. Nyumba zetu nyingi tangi limekaa juu ya paa la nyumba isiyo ghorofa, mita 3 tu kutoka sakafuni. Basi maji huingia kwa kudondoka, mashine husubiri, husubiri tena, kisha huwasha taa nyekundu na kugoma. Mwenye nyumba hulaani kiwanda, fundi hulaani stima, na tangi huachwa pale pale lilipo. Walimu wa fizikia wangeweza kulimaliza shauri hilo kwa nusu saa: kila mita 10 za kimo cha maji ni sawasawa na kani ya hewa iliyopo kwenye usawa wa bahari. Hesabu hiyo wanafunzi wetu huijibu barabara katika mtihani, lakini ni nani amewahi kuwatoa nje wakaipime minara ya matangi ya shule yao kwa kamba?

Na tukiwa bado kwenye fizikia, nitaje jambo dogo linalonifurahisha. Baadhi ya mashine hizo zina alama ya nyuzi 95 kwa kufulia nguo nyeupe. Bungoma, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzi hizo hizo 95. Kitale, iliyo kwenye takriban mita 1,900, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94. Mashine ya Kitale ikiamriwa kufika 95 imeamriwa lisilowezekana, hata ikokewe makaa ya ahera.

Sasa nirudi kwa wale wanaocheka. Hoja yao kubwa ni kwamba mashine itamnyang'anya mama fua riziki yake. Hoja hii ina uzito, na anayeidharau hajawahi kumwona mama mwenye watoto watano akirejea nyumbani jioni na pesa za unga alizozipata kwa beseni na sabuni ya kipande. Lakini kazi ya kufua haikuumbwa pamoja na mwanamke. Wakati walowezi walipojaa Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka 1926, aliyefua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu kwa kawaida alikuwa mwanamume, naye aliitwa dobi, jina lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Kazi ile ile imehama mikono, na inaweza kuhama tena. Mtaani kwetu wanawake wawili walitumia akiba ya chama chao kununua mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, ambayo hujazwa kwa ndoo na haijali tangi limekaa wapi. Asubuhi moja humaliza nguo za nyumba tatu, na zamani walikuwa wakimaliza za nyumba moja. Wateja hawakuwakimbia. Sioni kwa nini mashine iwe ya tajiri dhidi ya mama fua, wakati yaweza kuwa ya mama fua mwenyewe.

Yuko daktari mmoja wa Uswidi, Hans Rosling, aliyefariki mwaka 2017, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka 2010 alikadiria kuwa kati ya watu bilioni 7 wa dunia, ni kama bilioni 2 tu walioishi katika nyumba zenye mashine ya kufulia. Alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiijaza mashine nguo, kisha akamchukua yeye mwanawe hadi maktaba. Nguo zilifuliwa, mtoto akasomewa vitabu. Walimu wenzangu, tafadhali lipimeni jambo hilo kwa mizani ya nyumba zetu. Msichana wa kidato cha tatu akifika likizo Kiminini au Chwele, hukabidhiwa rundo la nguo za jamaa nzima, zikiwamo za kaka yake ambaye wakati huo yuko kivulini na kitabu cha kemia. Muhula ukifunguliwa tunashangaa kwa nini binti ameshuka, na tunamwandikia kwenye ripoti kwamba aongeze bidii.

Shuleni nako mambo si tofauti sana. Sisemi mwanafunzi wa bweni afuliwe soksi. Hilo ajifulie, nalo litamfaa maishani. Nasema habari ya blanketi. Kati ya Aprili na Agosti mvua ya Kitale haikauki, na udongo mwekundu hupanda hadi kitandani. Blanketi likilowa maji huwa zito kama ndama, hakuna mikono ya mtoto wa miaka 14 iwezayo kulikamua, na likianikwa Jumamosi huwa bado majimaji Jumatatu. Matokeo ni kwamba halifuliwi. Mtoto hulala muhula mzima katika vumbi na jasho, kisha akikohoa tunampeleka zahanati. Mashine moja ya Ulaya ya kilo 8 hufua blanketi moja zito kwa mara moja na kulikamua kwa mizunguko 1,000 au zaidi kwa dakika. Mashine nne zingeweza kulizungukia bweni kubwa ndani ya majuma machache, wakiziendesha hao hao akina mama wanaofua leo kwa kuinama, wakilipwa mshahara badala ya ujira wa beseni.

Bodi za shule zitasema pesa hazipo. Ila kwenye mikutano ya wazazi nimesikia ikijadiliwa michango ya basi la pili na lango jipya la kifahari, na sijasikia hata mara moja ikijadiliwa michango ya kuinua tangi. Mnara wa chuma wa mita 6 si ghali kama basi. Kazi hiyo waweza kuifanya mafundi wa kuchomelea wa Bungoma wanaotengeneza milango na matela kila siku, na maji yatakayoshuka kutoka huko yatafika pia jikoni, maabara na bafuni, hata kabla mashine ya kwanza haijanunuliwa.