Kukhu Aliandikishwa, Meseji Haikuja

Leo sina kichekesho. Wa Khunyangu, Butula, Bumala mpaka Malaba, hii ni yetu.

Mnakumbuka 2020? Shule zilifungwa Machi. Malaba malori yakapiga foleni kilomita na kilomita, madereva wakingoja kupimwa Corona. Kila mtu aliongea kuhusu hiyo foleni. Kuhusu shamba, kimya. Kukhu wangu alikuwa na magunia ya maharagwe ndani ya nyumba, na mteja wake mkubwa ilikuwa shule. Shule imefungwa, auzie nani? Wadudu walianza kula kabla yetu. Msimu uliofuata akapanda bila mbolea.

Tarehe 23 Mei mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake kulikuwa na bilioni 3 za pembejeo, kwa vocha za simu, kwa wakulima wadogo 200,000. Wakuzaji wa maua na mboga za kuuza ng'ambo wakawekewa bilioni 1.5. Toa simu upige hesabu: bilioni 3 gawanya kwa 200,000, ni 15,000 kwa kila mkulima. Kwa Kukhu hiyo ni mbegu na mbolea ya shamba lote.

Sasa, sisemi lazima yeye angepata. Kenya ina wakulima wadogo mamilioni, na pesa si mchanga. Shida yangu ni hii: jamaa alipita na daftari, akachukua jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba. Kukhu akaanza kulala na simu kando ya mto. Meseji haikuja. Mpaka leo hajui kama alikataliwa, alisahaulika, ama nambari iliyoandikwa ilikuwa ya mtu mwingine. Kunyimwa ni kitu kimoja. Kunyimwa bila kuambiwa ni dharau.

Najua mtasema, "Buda, Corona iliisha, songa mbele." Nisonge wapi na daftari bado linapita? Mbolea ya ruzuku tunayonunua siku hizi pia ni usajili na meseji. Mlango ni uleule, na bado hatuoni nani anaingia.

Kwa hivyo nataka kitu kimoja tu: majina yabandikwe. Kila msaada wa mkulima, orodha iwekwe kwa ofisi ya chifu, kijiji kwa kijiji. Ati siri ya mtu? Ficheni nambari za simu na vitambulisho. Jina na kijiji vinatosha. Hapa tunajuana, tutajua haraka nani analima na nani hajawahi kushika jembe.

Na hatuombi hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wakikaa kimya, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupelekea malalamiko.

Wewe unayejua kuandika, keti na kukhu wako jioni hii, mwandikie barua. Yangu naipeleka Jumatatu. Siku ya 22 nitawaambia walichojibu. Wakinyamaza, hiyo pia nitawaambia.