Matangazo ya bure ya wafanyabiashara wadogo: nani hulipa gharama yake?

"Biashara ni matangazo" ni msemo unaojulikana kwa kila mwenye genge, saluni au cherehani Afrika Mashariki. Wengi wao, hata hivyo, hawana fedha za kununua dakika redioni wala nafasi gazetini. Kwa zaidi ya muongo mmoja, tegemeo lao limekuwa simu ya mkononi: picha ya gauni jipya kwenye Facebook, bei ya viatu kwenye stetasi ya WhatsApp, video fupi ya keki inayopambwa.

Njia hiyo haidai malipo mlangoni. Lakini yaliyojiri Uganda na Kenya katika miaka ya karibuni yanaonesha kwamba imesimama juu ya vitu vitatu ambavyo mfanyabiashara hamiliki hata kimoja: uamuzi wa serikali, kanuni za kampuni ya ng'ambo na sura ya mteja wake.

Shilingi 200 kwa siku

Tarehe 1 Julai 2018, Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila anayetumia mitandao kama Facebook, WhatsApp na Twitter. Miezi michache kabla, Rais Yoweri Museveni alikuwa amemwandikia Waziri wa Fedha akilalamikia umbeya unaoenezwa mitandaoni na kutaka watumiaji wachangie gharama za kukabiliana na athari zake. Wakati huohuo, miamala ya pesa kwa simu nayo iliwekewa kodi ya asilimia 1, ambayo baadaye ilipunguzwa hadi asilimia 0.5 na kubakizwa kwenye utoaji wa fedha pekee.

Kwa mtazamo wa haraka, shilingi 200 hazikuwa mzigo mkubwa kwa mwenye duka. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa kaunta. Fundi cherehani angeweza kulipa kodi yake asubuhi na kuweka picha ya nguo, lakini mteja asiyelipa siku hiyo hakuiona, isipokuwa kama alitumia programu ya VPN kukwepa kodi. Muuzaji hakuwa na uwezo wa kumlipia kila mnunuzi, na tangazo lisilo na mtazamaji si tangazo.

Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Malipo ya kila siku yakaondoka na gharama ikaingia ndani ya bei ya kifurushi. Wakati huo, hata hivyo, wafanyabiashara wa Uganda walikuwa tayari wamepata pigo jingine lililo kubwa zaidi.

Kufuli la Facebook

Uganda ilifanya uchaguzi mkuu tarehe 14 Januari 2021. Siku chache kabla, Facebook ilieleza kwamba imeziondoa akaunti zilizohusishwa na Wizara ya Habari na Mawasiliano ya nchi hiyo, ikidai zilitumika kupotosha mjadala wa umma. Tarehe 12 Januari, serikali iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe. Rais Museveni alisema kwamba mtandao unaotaka kufanya kazi Uganda sharti uwatendee wote kwa usawa. Usiku wa kuamkia siku ya kupiga kura, intaneti yote ilizimwa, na ikaanza kurejea tarehe 18.

Mitandao mingine ilifunguliwa baadaye, lakini Facebook haikufunguliwa. Miaka minne baadaye, raia wa Uganda walikuwa bado hawawezi kuifikia bila kupitia VPN.

Mgogoro huo ulikuwa baina ya dola na kampuni ya Marekani, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Muuza vitenge wa Kampala hakuwa na sauti katika ugomvi huo, ila alishiriki kikamilifu katika hasara yake. Aliyekuwa amekusanya wafuasi kwa miaka kadhaa hakuweza kuwahamisha, kwa kuwa orodha yao haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa ndani ya jumba ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa. Wengine walihamia WhatsApp na TikTok na kuanza upya, huku waliobaki wakitegemea kwamba mteja naye atakuwa na VPN na kifurushi cha kuiendeshea.

Uganda haiko peke yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikata intaneti tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na huduma ilirejea baada ya takribani siku 20. Tanzania nayo ilizuia mtandao wa X mwezi Mei 2025, na intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huohuo. Serikali za ukanda huu huwahimiza vijana wajiajiri kwa kuuza mitandaoni, lakini zinapozima mitandao hiyo, hasara ya vijana haohao haiandikwi katika kitabu chochote cha bajeti.

Mwenye jumba naye ana kanuni zake

Hata pale ambapo serikali haigusi kitu, mwenye mtandao anaweza kubadili masharti. Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba ingetanguliza machapisho ya ndugu na marafiki na kupunguza yale ya kurasa za biashara. Ukurasa ambao hapo awali uliwafikia wafuasi wengi bila malipo ukajikuta unawafikia wachache, na mwenye nao akaelekezwa kulipia ili aonekane. Tarehe 4 Oktoba 2021, hitilafu ya kiufundi iliziangusha Facebook, Instagram na WhatsApp duniani kote kwa takribani saa sita. Duka lililotegemea huduma hizo tatu pekee lilikuwa limefungwa kwa muda wote huo, ingawa milango yake ilikuwa wazi.

Stetasi ya WhatsApp nayo ina mpaka wake. Huonekana tu kwa mtu aliyehifadhi namba ya muuzaji, na ambaye muuzaji naye amehifadhi yake. Ndiyo maana wauzaji wengi humwomba mteja, kabla hajaondoka, ahifadhi namba yao. Ombi hilo dogo lina hekima kuliko linavyoonekana, kwa sababu namba ya simu ni mali inayobaki hata mtandao ukifungwa.

Sura ya mteja si bango

Nchini Kenya, gharama ya matangazo ya bure imejitokeza kwa namna nyingine. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini dhidi ya taasisi tatu. Klabu moja ya burudani jijini Nairobi ilitozwa shilingi milioni 1.85 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ya tatu ilikuwa kampuni ya mikopo ya mtandaoni.

Msingi wa adhabu hizo ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, Rwanda ikafuata mwaka 2021, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023.

Kwa msusi anayepiga picha kila kichwa anachomaliza, hili si jambo la kampuni kubwa pekee. Mteja aliyelipia kusukwa hakulipia kuwa tangazo. Tahadhari yenyewe haina gharama: kumwomba ridhaa, kumweleza picha itawekwa wapi, kutunza jibu lake, na kuiondoa picha pindi atakapobadili nia. Anayekubali baada ya kuombwa aghalabu huwaeleza pia rafiki zake, na hapo muuzaji hupata matangazo mara mbili.

Somo la bango la soda

Makubaliano ya aina hii si mageni katika ukanda huu. Kuanzia Mombasa hadi Mbarara, maduka mengi yana bango lililotolewa bure na kampuni ya vinywaji, au ukuta uliopakwa rangi za kampuni ya simu. Jina la kampuni huandikwa kwa herufi kubwa, na jina la mwenye duka hukaa chini kwa herufi ndogo. Mwenye duka hupata bango, na kampuni hupata ukuta.

Tofauti ni kwamba biashara hiyo hufanyika mchana kweupe. Mwenye duka huona alichotoa na alichopokea, na akichoka hununua ndoo ya rangi. Kwenye mtandao, anachotoa ni kazi yake ya kila siku ya kupiga picha na kuandika, pamoja na taarifa za wateja wake, na masharti hubadilishwa bila yeye kuulizwa.

Kinachobaki mkononi

Haya yote hayamaanishi kwamba mfanyabiashara mdogo aiache mitandao. Hakuna njia nyingine inayomfikisha fundi wa Jinja kwa mnunuzi wa Mwanza bila nauli. Kinachohitajika ni kuitumia kama barabara ya kumleta mteja, na kuepuka kuifanya ghala la kumhifadhia.

Daftari la namba za wateja walioridhia kupigiwa simu linabaki mali ya mwenyewe. Kuandikisha duka kwenye ramani ya Google hakuna malipo, na huwasaidia wanaolitafuta. Redio za jamii hutafuta habari kila siku, na duka lenye jambo jipya la kueleza linaweza kuwa habari bila kulipia tangazo. Maonesho ya Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo huzunguka miji ya nchi wanachama, huwakutanisha mafundi na wanunuzi ana kwa ana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haitoshi katika soko lenye wauzaji wengi wa bidhaa ileile, lakini imebeba ukweli ambao kufuli la Facebook nchini Uganda limeuthibitisha. Mteja aliyeridhika aliendelea kumtaja fundi wake kwa jirani, na hapakuwa na agizo la kuzima mazungumzo hayo.