Tusiisingizie Ilhamu

Waulize wanafunzi kumi wa chuo hapa Kigali kama wanaandika shajara. Wachache watakuambia hawajawahi. Wengi watakuambia walianza mwezi wa Januari, wakaacha kabla Februari haijaisha. Ukitaka kujua sababu, watakujibu kwa neno moja: ilhamu. Haikuja. Wanaitaja kama abiria wa Nyabugogo anavyolitaja basi lililochelewa, na wao wamekaa kwenye benchi, mikono mitupu, wakisubiri.

Mimi nasema ilhamu inasingiziwa. Haijawahi kuwa na kazi yoyote katika shajara, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kutofika kazini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tunaikariri kwa ajili ya mtihani na kuieleza kwamba ni ya wafanyabiashara. Sawa, basi tumtazame mfanyabiashara. Mwenye duka la Biryogo anapomkopesha jirani mchele, hafungi macho kuuliza kama moyo wake una hamu ya kuandika. Anachukua daftari, anaandika jina, kilo 2, atalipa Ijumaa. Anaandika kwa sababu anajua kwamba hadi Ijumaa yeye atakuwa amesahau, na mdaiwa atakuwa amesahau mapema zaidi. Siku yako nayo ni mali. Imetoka mfukoni mwako na hairudi. Shajara ni ndugu wa daftari la madeni kabla ya kuwa ndugu wa shairi, na anayeichanganya na shairi ndiye anayeishia kusubiri.

Kuna watu wanaofaidika na kusubiri huko. Siku hizi yanauzwa madaftari yenye majalada ya kupendeza, na ndani kuna maswali yaliyochapishwa tayari, yote kwa Kiingereza: taja mambo kumi unayoyashukuru leo, taja ndoto yako kubwa. Kushukuru ni jambo jema, na hata mimi nashukuru. Lakini shajara isiyoruhusiwa kufanya lolote ila kushukuru ni uongo wenye jalada. Haina mahali pa njaa ya mwisho wa mwezi, wala wivu kwa rafiki aliyepata ufadhili ukakosa wewe, wala hasira uliyoimeza ukiwa mbele ya mkubwa. Anayeandika anajua kwamba anadanganya, na hakuna kitu kinachochosha kama kumdanganya mtu ambaye ni wewe mwenyewe. Ndiyo maana daftari lile hufa Januari.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni hili: "Maisha yangu hayana kitu. Naamka, napanda moto, naenda darasani, narudi. Niandike nini?" Anayesema hivyo namwomba aende Gisozi. Katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa mwaka 2004, kuna sehemu ya watoto waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Zimetundikwa picha zao, na karibu na picha kuna maneno machache: jina, umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, namna alivyouawa. Waliobaki walipotakiwa kusema mtoto huyu alikuwa nani, walikumbuka chakula na rafiki. Mtu ni vitu hivyo. Ni vile vile unavyoviita "hakuna kitu". Anayedai kwamba chai aliyokunywa na aliyekunywa naye havistahili mstari mmoja, akasimame mbele ya picha zile aseme tena.

Kwetu nyumbani kuna picha moja ya babu mzaa mama. Nyuma yake ameandika tarehe kwa kalamu ya wino, na baada ya tarehe neno moja la Kinyarwanda, "imvura", yaani mvua. Basi. Hayo ndiyo maandishi yake yote tuliyo nayo, kwa sababu vingine viliteketea pamoja na nyumba. Mama anaweza kutazama neno lile muda mrefu. Babu hakuwa na ilhamu yoyote siku ile, mvua tu ilikuwa inanyesha. Laiti angeandika maneno matano.

Pingamizi la pili linahusu simu. "Picha zangu zote zimo humu, pamoja na ujumbe wangu wote." Simu inahifadhi ulichowaonyesha watu, na ulichowaonyesha watu tayari ni nusu tu. Hali unayoiweka WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na hata kabla haijafutika ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya macho ya wengine. Picha ya sherehe ya kuhitimu itakuonyesha joho na maua. Haitasema nani alikopa nauli ili afike pale, wala nani alikuwa anatabasamu huku amegombana na mwenzake asubuhi. Hayo hayapigwi picha, yanaandikwa.

Pingamizi la tatu limevaa kanzu ya utamaduni: "Sisi ni watu wa masimulizi. Kuandika mambo yako ni tabia ya Wazungu." Hili linanikera kuliko mengine, kwa kuwa linaitumia heshima ya wazee kutetea uvivu wa vijana. Padri Alexis Kagame, aliyefariki mwaka 1981, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwasikiliza wenye kuhifadhi mashairi ya ufalme na kuyaandika. Angewaachia vifuani, mengi yangezikwa pamoja nao. Na mahakama za Gacaca zilizoendelea hadi mwaka 2012, zikasikiliza karibu kesi milioni 2, ziliendeshwa kwa mdomo, watu wamekaa nje wakisema na kujibizana. Hata hivyo kila baraza lilikuwa na katibu, na katibu alikuwa na daftari. Taifa zima lilijua kwamba neno lisiloandikwa linaweza kukanwa kesho.

Ama kuhusu Wazungu, tuitazame Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844, alikulia katika nyumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma na kunyimwa kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Huyo alikuwa na mfupa. Wewe una daftari la kurasa 96 na kalamu mbili, na bado unasema hujajaliwa.

Linabaki pingamizi la nne, nalo nalipa heshima yake: "Nikiandika, mtu atasoma." Katika chumba cha hosteli mnalala wanne, na nyumbani ndugu wadogo hawana mpaka. Hofu hii ni ya kweli, na katika nchi ambayo maneno yamewahi kuua, haifai kuchekwa. Lakini hofu si sababu ya kuacha, ni sababu ya kutafuta mahali pa kuficha. Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 alitunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa Kamiti mwaka 1978, naye aliandika riwaya kwenye karatasi za aina hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa wakilindwa na askari. Wewe unalindwa na mdogo wako wa darasa la nne. Nunua kufuli.

Au fanya ninavyofanya mimi: andika kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu Kinyarwanda kinatosha, na baba huongeza Kifaransa akikasirika. Kiswahili changu hakuna anayekisoma, kwa hiyo ni sanduku lenye kufuli lake. Lakini sikichagui kwa sababu ya usiri peke yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na bado wengi wetu tunaosomea lugha hii tunaitumia kuandika kuhusu "Faida za kilimo" na "Umuhimu wa maji". Kizazi chetu kimesomeshwa kwa Kiingereza kutokana na uamuzi wa mwaka 2008, tunapenda kwa Kinyarwanda, na Kiswahili tunakivaa kama sare ya mtihani. Lugha ambayo hujawahi kulilia ndani yake si yako bado. Siku nilipotaka kuandika kwamba namkumbuka mtu nikakosa neno, nikalitafuta hadi nikalipata, siku ile nilijifunza zaidi ya muhula mzima.

Basi kwa anayeng'ang'ania kuuliza aanzie wapi, haya hapa maswali ambayo hayauzwi na mtu. Leo umetumia faranga ngapi, na kwa nini? Nani alikuambia neno ambalo bado linakusumbua? Jumamosi ya umuganda uliofyeka na nani, na mlizungumza nini mlipopumzika? Mama amesema nini kwenye simu, na amekwepa kusema nini? Ulitaka kujibu nini darasani ukanyamaza? Jibu moja tu. Ukichoka, andika tarehe na mvua. Ukiwa na hasira, andika hasira, wala usiipambe.

Sisemi shajara itakufanya mwandishi, na sidhani itakuponya majonzi. Nasema tu kwamba kuna siku mtu wako atafungua sanduku akitafuta ulikuwa nani. Atakuta ama mwandiko wako, ama joho na maua. Uamuzi huo haufanywi na ilhamu. Unafanywa na wewe usiku wa leo, kabla hujazima taa, na unahitaji dakika tano.