Mlinzi kaibiwa, sisi tunaambiwa tulale

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Kuna sentensi nimechoka kuisikia: "Kama huna unachoficha, unaogopa nini?" Nimeisikia kwenye semina, kwenye daladala, na hata kwa waandishi wenzangu ambao kazi yao nzima ni kutunza siri za watu. Siku hizi sentensi hiyo imepata mdogo wake: "Taarifa zako ziko salama, kuna kampuni kubwa ya ulinzi inazilinda."

Kampuni ipi hiyo? Nauliza kwa nia njema kabisa.

Maana mimi nikisikia kampuni kubwa ya mambo haya, wa kwanza kunijia kichwani ni Hacking Team ya Milan, Italia. Hawa jamaa biashara yao ilikuwa kuziuzia serikali programu ya ujasusi. Programu ikishaingia kwenye simu au kompyuta yako, mnunuzi anasoma barua pepe zako, anasikiliza maongezi yako, anawasha maiki na kamera bila wewe kujua. Walijisifu kwamba wanawauzia watu wema tu, kwa ajili ya kukamata magaidi na wauza unga.

Julai 2015 wakadukuliwa wao. Zikamwagwa mtandaoni gigabaiti zipatazo 400: ankara, mikataba, msimbo wa programu yenyewe, na barua pepe zaidi ya milioni moja ambazo WikiLeaks waliziweka mahali mtu yeyote angeweza kuzipekua. Mdukuzi aliingia hadi kwenye akaunti yao ya Twitter na kuibadilisha jina iwe Hacked Team. Na mojawapo ya maneno ya siri ya mtaalamu wao wa usalama lilikuwa lile lile neno la Kiingereza lenye maana ya neno la siri, kachomekwa namba 4 mahali pa herufi a. Jamani! Mtoto wa internet cafe pale Kariakoo angemcheka.

Lakini acha kucheka, tusome kilichokuwamo. Kampuni ilikuwa imeuambia Umoja wa Mataifa kwamba haiuzi kitu Sudan kwa wakati huo. Nyaraka zikaonyesha idara ya usalama ya Sudan ililipa euro 480,000 mwaka 2012. Ethiopia ilikuwa mteja wa dola milioni 1. Na programu hiyo Ethiopia iliifanyia nini? Mwaka 2014 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walishaeleza kwamba ililengwa kwa waandishi wa habari wa televisheni ya ESAT walioko ughaibuni. Waandishi! Hao ndio magaidi? Kwa majirani zetu Kenya, barua pepe zilionyesha watu wa idara ya ujasusi wakitaka kampuni iiangushe tovuti ya Kahawa Tungu kama jaribio la kuonyesha uwezo.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa "usalama" hawapendi kulizungumza. Ndani ya lile fungu zilikuwamo njia za kupenya Adobe Flash ambazo Adobe wenyewe walikuwa hawazijui. Kampuni ilizijua, ikakaa kimya, maana ndiyo bidhaa. Zilipovuja, siku chache tu wahuni wa mtandaoni wakaanza kuzitumia kwa watu wa kawaida. Kwa maneno mengine, fundi kufuli alijua kitasa cha nyumba yako kibovu, akamuuzia jirani ufunguo, kisha akaibiwa funguo zote.

Usidhani ni wauza ujasusi tu. Mwaka huo wa 2011 ulikuwa mbaya kwa wale walinzi wanaoitwa wema. RSA ya Marekani, waliokuwa wakitengeneza vile vidude vya kutoa namba za siri kwa wafanyakazi wa mabenki na majeshi, waliingiliwa kwa barua pepe yenye faili la Excel kuhusu mpango wa ajira. Mtu kafungua, basi. Uholanzi, kampuni ya DigiNotar, ambayo kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba tovuti unayoifungua ni ya kweli, ilidukuliwa na vikatolewa vyeti feki zaidi ya 500, kimojawapo cha Google. Cheti hicho kikatumika Iran, ambako watumiaji wapatao 300,000 waliwekwa katika hatari ya kusomewa barua pepe zao wakidhani wako salama. DigiNotar iligundua wizi Julai. Dunia ikajua mwishoni mwa Agosti, tena kwa sababu mtumiaji mmoja wa Gmail aliye Iran aliona onyo kwenye kompyuta yake akauliza. Kampuni ilikuwa imenyamaza. Septemba ikafilisika, lakini yule Mwiran aliyesomwa barua zake atafilisi nini?

Sasa turudi nyumbani. Tanzania tulisajili laini za simu kwa alama za vidole, mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020, na asiyesajili akazimiwa. Tulipanga foleni, tukabonyeza kidole, hakuna aliyeuliza kinakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Yaani vidole vilitangulia, sheria ikafuata nyuma kwa miaka mitatu! RSA walipoibiwa waliweza kuwabadilishia wateja vidude. Mimi kidole changu nitabadilishiwa na nani?

Kuna watakaosema nachochea watu wakatae teknolojia. Hapana. Mimi naishi mtandaoni kama ninyi, na bila simu silali na habari. Ninachokataa ni kuambiwa nimwage kila kitu changu kwenye ghala moja kwa sababu tu mlangoni kuna mlinzi mwenye sare nzuri. Taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuibiwa. Basi anayetaka namba ya kitambulisho changu ili nipande lifti ya jengo la ofisi aniambie anaiandika kwenye lile daftari la kaunta ya nini, na ataichoma lini.

Na siku mfumo ukiingiliwa, nataka niambiwe mimi mwenye kidole, siku hiyo hiyo, kwa ujumbe mfupi. Namba yangu wanayo. Wananitumia kila asubuhi kunikumbusha ninunue bando.